Pima mshono kabla ya kuunga mfarishi wa viraka

Kabla hujaanza kuunga vipande vya mfarishi, jaribu kwanza mshono wako wa robo inchi, yaani uzi upite robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa. Kata vipande vitatu, kila kimoja upana wa inchi 1½ na urefu kama inchi 4. Viunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima cha katikati: lazima kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, mshono umekula kitambaa kingi. Kikizidi, umekula kidogo.

Mara nyingi hupungua, hata kama umeshona robo inchi sawasawa, kwa sababu uzi na mkunjo wa kitambaa navyo huchukua nafasi. Sogeza sindano kidogo kuelekea ukingoni, ujaribu tena. Ukishapata, bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani (usizibe meno yanayosukuma kitambaa) uwe mpaka wa kufuatisha ukingo wa kitambaa.

Usidharau tofauti ndogo: mshono uliozidi 1/16 ya inchi hula 1/8, maana unakula pande zote mbili. Mishono minane, inchi nzima imepotea.

Na pasi ikandamize tu, usiiburute. Ukiburuta, vipande vinavutika na kipimo kinakudanganya.