Siti isiyoumiza: mwanamke achague na kufunga vipi siti ya baiskeli yake

Hapa Tanga wanawake tunapanda baiskeli tangu utotoni. Simama Ngamiani asubuhi utawaona: walimu, wauguzi, kina mama wanaotoka soko la Mgandini na ndoo kwenye keria, buibui limekusanywa vizuri lisiguse spoki. Mimi ni fundi baiskeli, na kwa kuwa ni mwanamke, wenzangu huniambia mambo ambayo hawathubutu kumwambia fundi wa kiume. Wakifika nyumbani hawawezi kukaa. Wakienda haja ndogo panawaka. Mapaja yamechubuka. Wengi wamevumilia miaka na miaka wakiamini kwamba baiskeli ndivyo ilivyo, na hilo linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi dawa ni spana na robo saa.

Kaa kwenye baraza la saruji, ingiza viganja chini ya makalio, kisha yumba kidogo kushoto na kulia. Utagusa mifupa miwili migumu. Hiyo ndiyo ya kukalia, na ndiyo inayopaswa kubeba uzito wako juu ya baiskeli. Uzito ukihamia kwenye nyama laini za mbele, utaumia hata ununue siti ya bei gani. Shika hilo, maana hatua zote zinazofuata zinalirudia.

Hatua ya 1: Jua panapouma

Usiniambie tu "siti inauma." Maumivu ya mbele, ganzi au kuvimba ukeni maana yake pua ya siti inakukandamiza: imeinuka, au umekaa mbele mno, au siti ni nyembamba na mifupa yako inaning'inia nje. Maumivu ya mifupa yenyewe, kama umekalia jiwe, yanatokana na sponji iliyokufa, au ni ugeni tu wa wiki ya kwanza. Kuchubuka upande wa ndani wa mapaja kunaletwa na siti pana kupita kiasi kwa mkao wako, au mshono wa nguo. Kama ni upande mmoja tu unaouma, tazama siti kutoka nyuma. Pengine imepinda, au iko juu mno na unalazimika kuifuata pedeli kwa nyonga.

Ganzi si jambo la kuvumilia. Mshipa wa fahamu unabanwa. Simama, shuka, tembea. Ikiwa ganzi haiondoki, au kuna uvimbe, kidonda au damu kwenye mkojo, nenda hospitali kwanza, siti baadaye.

Hatua ya 2: Rekebisha uliyo nayo kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote, na ndipo watu wanaporuka.

Mwalimu mmoja alinijia na baiskeli ya Phoenix, siti imevalishwa kifuniko cha jeli juu ya kifuniko kingine cha sponji.

"Fundi, hii imenishinda. Nataka laini zaidi."

"Sawa mwalimu, lakini panda kwanza nikuone."

Nikamshikia usukani akapanda. Pua ya siti ilikuwa imeinuka kama mdomo wa mtumbwi. Kishikio cha siti, kile chuma kinachoibana juu ya bomba lake, kwenye baiskeli hizi kina meno, na meno yakilika, siti inarudi nyuma taratibu kila ukikalia, mpaka pua inatazama mbingu. Nikavua vifuniko vyote viwili, nikalegeza nati kwa spana namba 14, moja kila upande ili isizunguke bure, nikabadilisha kishikio, nikalaza siti sawa na ardhi, nikakaza. Siti ileile. Alizunguka mtaa mara mbili akarudi kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nalipia sponji bure." Kile kishikio kilikuwa na bei ndogo kuliko vile vifuniko.

Basi fuata mpangilio huu. Anza na urefu. Kaa, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kuinamisha nyonga. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Najua wengi mnashusha siti ili nyayo zote mbili zikanyage chini mkisimama. Naielewa hofu hiyo, hasa penye bodaboda nyingi. Lakini siti ikiwa chini sana miguu haisukumi vizuri, na mwili mzima unakaa pale kama gunia. Usiipandishe siku moja. Pandisha sentimita 1, endesha siku tatu nne, ongeza tena, na ukisimama zoea kuteleza mbele ya siti na kukanyaga mguu mmoja. Angalia pia alama ya mwisho kwenye bomba la siti, usiivuke. Kama alama imefutika, acha angalau sentimita 7 za bomba ndani ya fremu.

Ukiona nyonga zinayumba huku na huku unapokanyaga, umepita kiasi. Shusha.

Kisha mlalo. Azima pima maji ya fundi mwashi, au laza simu yenye programu hiyo juu ya kitabu kilicholala kwenye siti. Anza sawa kabisa. Kama mbele bado panabanwa, inamisha pua kidogo sana, jino moja tu la kishikio. Ukizidisha utateleza mbele, mikono itabeba mwili, na jioni utalalamikia viganja na mabega.

Mwisho, mbele na nyuma. Funga nati kwenye uzi uwe timazi. Weka pedeli mbili sawa na ardhi, ning'iniza uzi mbele ya goti la mguu uliotangulia. Ushuke karibu na ekseli ya pedeli. Hapa kuna jambo linalowahusu sana wanawake wanaopanda baiskeli kubwa za waume au kaka zao: usukani uko mbali, kwa hiyo mtu anajivuta kuufuata na kuishia kukalia pua. Analaumu siti wakati kosa ni la usukani. Pandisha usukani, urudishe karibu ikiwezekana, sogeza siti mbele kidogo, kisha ujaribu tena.

Hatua ya 3: Pima mifupa yako kwa kipande cha boksi

Kama umerekebisha yote na bado unaumia, sasa pima. Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, uliweke juu ya baraza au kigoda kigumu. Vaa nguo nyepesi, si jinzi. Kaa, weka miguu juu ya tofali ili magoti yainuke kidogo kupita nyonga, inama kama unavyoinama kwenye baiskeli, na ukae hivyo dakika moja. Ukiondoka utaona mabonde mawili. Yasipoonekana, pitisha penseli ubapa au chaki juu yake, yatajitokeza. Weka nukta katikati ya kila bonde, upime kati ya nukta na nukta kwa milimita.

Tuseme umepata 125. Anayekaa wima kama kwenye Phoenix au baiskeli za kike za mtumba kutoka Japani aongeze 30 au zaidi, kwa hiyo atafute siti ya 155 kwenda juu. Anayeinama wastani aongeze 20. Anayeinama sana, kama wale wa mashindano, 10 inatosha, kwa sababu ukiinama unakalia sehemu ya mbele ya mifupa ambako imekaribiana.

Kwa wanawake wengi mifupa hii imeachana kuliko ya wanaume, lakini wapo wenye kipimo chembamba kuliko cha waume zao. Ukubwa wa makalio hauelezi chochote. Nimewapima dada wembamba waliopata 140 na kina mama wanene waliopata 115. Kwa hiyo usikubali muuzaji akutazame kwa jicho na kukuchagulia.

Hatua ya 4: Dukani au kwenye mtumba

Nenda na rula. Pima upana wa ile sehemu bapa ya nyuma, si kingo zinazoshuka, kwani mfupa haukai kwenye mteremko.

Bonyeza kwa dole gumba pale mifupa itakapokaa. Dole likizama mpaka likagusa plastiki ngumu bila kupingwa, sponji hiyo imekufa. Na sponji laini mno ni mtego: dukani inakubembeleza, lakini ukiikalia nusu saa mifupa inazama, na sponji ya katikati inapanda juu kukandamiza palepale tunapopakimbia. Tafuta inayobonyea kidogo kisha ikakupinga.

Mfereji au tundu la katikati linawasaidia wengi, hasa wanaoinama. Huko Marekani, Georgena Terry, mhandisi aliyeanza kutengeneza baiskeli za wanawake miaka ya 1980, ni mmoja wa waliozieneza siti za namna hiyo. Hata hivyo wako ambao kingo za tundu huwachoma. Jaribu kwanza. Pua fupi nayo ni neema kwa anayevaa dera au buibui, haimnasi nguo anapoinuka.

Siti pana za Phoenix zenye springi msizitupe haraka. Kwa anayekaa wima ni nzuri kuliko zile nyembamba za baiskeli za milimani ambazo vijana wanawauzia. Shida ni zikichoka zikawa kama machela. Za ngozi halisi nyingi zina nati chini ya pua. Ikaze nusu mzunguko kwa wakati mmoja, uone inavyonyooka.

Hatua ya 5: Nguo

Mshono mnene wa jinzi unaopita katikati unaweza kuharibu kazi yote uliyofanya. Chini ya dera au sketi vaa taiti isiyo na mshono mkubwa na chupi ya pamba isiyo na lesi. Kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi. Safari ndefu, paka mafuta ya mgando mapajani, na ukifika badili nguo zenye jasho, usikae nazo. Aliyejifungua karibuni, hasa aliyeshonwa, asipande mpaka wakunga wamwambie amepona.

Hatua ya 6: Jaribu, badili kitu kimoja kwa mara moja

Ukibadili urefu, mlalo na siti siku moja, hutajua kilichokusaidia. Badili kimoja, endesha njia yako ya kila siku siku tatu, andika kwenye simu panapouma. Siti mpya ipe wiki mbili. Mifupa ikiuma kidogo wiki ya kwanza, subiri; mbele pakiuma, usisubiri hata siku ya pili.

Ukishapata mahali pako, paka mstari wa rangi ya kucha kwenye bomba la siti pale linapoingia kwenye fremu, na mwingine kwenye vyuma vya chini ya siti ukingoni mwa kishikio. Kaka yako akiazima baiskeli akapandisha siti, utairudisha mahali pake kabla chai haijapoa.