Kubembeza ketobeli: nguvu hutoka nyongani

Wagiriki wa kale walishika halteres, vizito vya mawe au metali, waliporuka mbali. Ketobeli, tufe la chuma lenye mpini, hudai mlipuko uleule wa nyonga. Anayeanza achukue kilo 8 hadi 16 kulingana na nguvu zake.

Weka tufe hatua fupi mbele yako, miguu upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka, shika mpini kwa mikono miwili. Livute nyuma, kati ya mapaja, kisha kaza makalio ghafla usimame wima. Tufe litapaa lenyewe hadi kifuani. Mikono ni kamba tu! Wengi huchuchumaa na kuinua kwa mabega, mgongo unapinda, kiuno kinaumia. Ukianza kupinda, acha. Bembeza mara 10 kwa kila seti (mzunguko), seti 5, pumziko dakika 1 kati ya seti.