Saiti safi: mambo ya kufanya kabla zege halijafunika

Karibu kila kilicho muhimu kwenye jengo hufunikwa. Msingi hufukiwa, nondo huzama kwenye zege, mabomba hupita nyuma ya plasta. Mwenye nyumba anabaki anaona rangi na vigae. Anayetaka kuiba kwenye ujenzi anaiba huko kusikoonekana, na anayetaka kuwa mwaminifu lazima ahakikishe kila kitu kinaonwa, kinapimwa na kuandikwa kabla hakijafunikwa. Huo ndio msingi wa yote nitakayoeleza.

Mimi ni fomeni hapa Morogoro. Nilianza kwa kubeba ndoo za zege, nikaenda VETA, na sasa nasimamia nyumba za watu, madarasa na ghorofa ndogo ndogo. Vijana wa saiti wananiita Mama. Namwandikia fundi anayekabidhiwa saiti yake ya kwanza, kwa sababu vishawishi vitamfikia wiki hiyo hiyo.

Anzia kwenye bei

Wizi mwingi saiti unazaliwa siku ya kupatana. Mteja anakwambia, "Fundi mwingine kaniambia nusu ya hapo." Ukikubali bei isiyojenga, tayari umeshakubali kuiba, maana pengo hilo litazibwa kwa simenti ya mwenyewe. Mfanyie hesabu mbele yake. Slabu ya mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3, yaani simenti, mchanga na kokoto, kila mita ya ujazo inakula mifuko kama minane ya kilo 50. Hiyo ni mifuko 96, bado haijamwagika hata kidogo. Anayesema ataimwaga kwa mifuko 60, muulize mteja aliyekuletea bei hiyo: mifuko 36 iliyobaki itatoka wapi?

Usimamizi wako, nauli zako na muda wako wa kuzunguka madukani viandike kwenye makadirio kwa jina lake, wazi. Fundi ambaye malipo yake yameandikwa hahitaji kuyatafuta kwa mlango wa nyuma.

Dukani

Ukifika duka la vifaa vya ujenzi utaulizwa swali moja, na utaulizwa kwa upole kabisa: "Fundi, risiti nikuandikie ngapi?" Hapo ndipo cha juu kinapoingia. Jibu ni fupi: "Andika bei uliyoniuzia, na nitolee ya EFD." Usilihutubie duka zima. Muuzaji akishakujua, haulizi tena.

Bora zaidi, pesa ya vifaa isipite mkononi mwako. Peleka orodha, pata bei za maduka mawili au matatu, mpe mwenye mali achague na alipe mwenyewe kwa simu au benki. Wewe upokee mzigo tu. Duka likikupa punguzo kwa sababu unaleta wateja, punguzo hilo ni la aliyelipa, mwambie. Akiamua kukuachia kidogo, hiyo ni zawadi yake na unaipokea bila kujificha.

Pima nondo, usiamini maandishi

Hili nalikazia kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa bila kujua, na fundi mwaminifu anageuka mshiriki wa wizi wa mtu mwingine. Nondo inauzwa kama milimita 12 kumbe ni 11. Kwa macho huwezi kuona, na kwa sababu ya mikunjo yake hata kipimo cha kipenyo kinakudanganya. Mizani haidanganyi. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162: unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya mita 12 inatakiwa iwe hivi: milimita 8, kilo 4.7; milimita 10, kilo 7.4; milimita 12, kilo 10.7; milimita 16, kilo 19.

Azima mizani ya mazao sokoni, pima nondo tano pamoja, gawanya kwa tano. Upungufu mdogo wa kiwandani unavumilika. Lakini ile ya 11 iliyovalishwa jina la 12 itakuja na kilo 9 hivi, maana yake karibu moja ya sita ya chuma haipo. Rudisha mzigo huo. Pima pia urefu, kuna zinazokuja na mita 11 na ushee.

Mchanga na kokoto hivyo hivyo. Usipokee "tripu", pokea mita za ujazo. Pima bodi ya lori kwa futi kabla hawajamwaga, sawazisha juu kwa ubao, andika namba ya gari na saa.

Kwenye miradi ya fosi akaunti, yaani ya umma inayojengwa kwa mafundi wa kawaida na kamati badala ya kandarasi, kama shule na zahanati, kazi hii si yako peke yako. Mwaka 2021 zilipotolewa shilingi milioni 20 kwa kila chumba cha darasa kwenye fedha za UVIKO-19, vijiji vingi viliziona kamati kwa macho: ya manunuzi, ya mapokezi, ya usimamizi wa ujenzi. Kamati hizo zinalinda fedha pale tu zinapokuwa na watu tofauti. Ukiona aliyenunua ndiye anayepokea na ndiye anayesaini, mwone mwalimu mkuu au mtendaji, mwambie kwa heshima, "Mwalimu, naomba kamati ya mapokezi iwepo gari likifika, vinginevyo sishushi." Halafu kweli usishushe.

Siku ya zege

Jioni kabla ya kumwaga, kagua: ukubwa wa nondo, idadi, nafasi kati ya ringi na ringi, spesa za kuinua nondo zisilale kwenye mbao, mirunda imesimama kwenye kitu kigumu. Piga picha ukiwa umelaza futi kwenye nondo ili namba zisomeke. Mhandisi akague na asaini kwenye kitabu cha saiti. Asipofika, zege halimwagwi, hata kama vibarua wameshakuja na miksa imekodiwa. Hasara ya siku moja ya miksa ina mwisho wake.

Simenti ya kazi hiyo iwe ya daraja la nguvu la 42.5, ile ya 32.5 iache kwa matofali na plasta. Hesabu mifuko inapofunguliwa, kisha mifuko mitupu ifungwe kumi kumi ibaki stoo hadi mwenye nyumba aione.

Halafu kuna maji. Saa nane mchana jua ni kali, mikono imechoka, mtu anamimina ndoo ya ziada ili zege liteleze. Hakuna aliyetia kitu mfukoni, lakini nguvu ya nguzo imeondoka. Weka mtu mmoja tu wa maji, mwenye ndoo yenye alama, na mwingine asiguse. Pima slampu, yaani zege linashuka kiasi gani likivuliwa koni, kwa ile koni ya kimo cha milimita 300 asubuhi na tena mchana.

Sasa kyubu, vile vipande vya zege vya mchemraba vinavyopelekwa maabara kupimwa nguvu. Hapa ndipo nimeona watu wenye vyeti wakifanya udanganyifu ambao mimi nauhesabu kuwa mbaya kuliko wizi wa simenti: wanachanganya kyubu peke yake, simenti tele, maabara inatoa majibu mazuri, na jengo limesimama kwa zege jingine. Kyubu ya milimita 150 ijazwe kutoka toroli ambalo mhandisi kalinyooshea kidole, katikati ya kazi. Andika juu yake tarehe na sehemu: "nguzo C3, ghorofa ya kwanza." Zinapondwa siku ya 7 na ya 28. Siku ya 7 tarajia kama theluthi mbili ya nguvu. Majibu yakija mabaya, mpelekee mhandisi siku ile ile, kwa maandishi. Usipande ghorofa inayofuata ukisubiri yajirekebishe, hayajirekebishi.

Mwagilia angalau siku saba. Mirunda ya slabu isitoke kwa sababu mwenye nyumba ana haraka ya kuanza plasta. Itoke mhandisi akiruhusu.

Ukiombwa ghorofa ya ziada

Ipo siku mzee mwenye heshima zake atakuita pembeni: "Mwanangu, nguzo zile ni nene, tuongeze moja juu." Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kuwa kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la maduka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafariki, wengi wakiwa wafanyabiashara na wateja waliotoka nyumbani asubuhi kama kawaida. Sitaki fundi yeyote anayesoma hapa abebe kitu kama hicho moyoni.

Mjibu hivi: "Mzee, nakuelewa. Niletee mchoro mpya uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na kibali cha halmashauri, kesho naanza." Usibishane kuhusu unene wa nguzo. Jioni mtumie ujumbe wa simu wenye maneno hayo hayo ili yabaki. Akileta fundi mwingine, kusanya vifaa vyako, mwandikie mhandisi na halmashauri ulichoombwa, ondoka.

Mkaguzi anayetaka "ya maji"

Mtu anakuja, anazunguka, anasema kuna kasoro nyingi lakini "tunaweza kuongea." Mletee kitabu cha saiti na kalamu: "Kiongozi, naomba uniandikie kasoro zote nizirekebishe, na jina lako na tarehe." Kama kasoro ni za kweli, utakuwa umefaidika. Kama ni za kutafuta soda, hataandika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea, kwa hiyo usijifariji kwamba wewe umelazimishwa. Akiendelea kukusumbua, TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

Haya yote yanategemea pia wewe mwenyewe usiwe na jambo la kufichwa. Lipa vibarua Jumamosi, kila mtu asaini mbele ya jina lake, na daftari lisiwe na kibarua hewa hata mmoja. Mtu aliyecheleweshewa wiki mbili ataondoka na mfuko wa simenti, na atakuwa na sababu anayoiamini. Kofia na buti nunua kabla ya kazi kuanza, viingie kwenye makadirio.

Siku ya kukabidhi, mpe mwenye nyumba daftari la stoo, risiti, majibu ya kyubu na picha zote, hasa zile zinazoonyesha mabomba na nyaya zimepita wapi ukutani. Simenti iliyobaki, vipande vya nondo, misumari, vyote orodhesha umwachie yeye, akikupa, chukua. Kisha panga naye tarehe ya kurudi baada ya masika ya kwanza mkague nyufa pamoja, na iandike kwenye nakala zenu zote mbili.