Jinsi ya kupata kumbukumbu za polisi Kenya: kuanzia OB hadi faili ya korti

Kenya haina tovuti ambapo unaandika jina la mtu ukaletewa historia yake yote ya kukamatwa. Anayekuuzia huduma hiyo kwa WhatsApp anakuuzia hewa, au anamhonga mtu amuibie mwenzako siri zake. Kumbukumbu zenyewe zipo, na nyingi unaweza kuziomba kihalali bila kutoa hata shilingi. Tatizo ni kwamba zimetawanyika, na kila moja ina mlinzi wake. Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria naona familia zikizunguka siku nzima kwa sababu zimeulizia jambo la kortini pale kituoni, au la kituoni kule kortini. Mwongozo huu ni wa kuwapunguzia mzunguko huo.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta kiko wapi

Tukio lolote lililoripotiwa kituoni, pamoja na kukamatwa kwa mtu, huandikwa kwenye OB (Occurrence Book), yaani kitabu cha matukio cha kituo. Mtu akiingizwa seli, jina lake huingia pia kwenye rejista ya mahabusu. Akishtakiwa, kuna hati ya mashtaka, na kuanzia hapo kumbukumbu iko kwenye faili ya korti. Rekodi za jinai zinazofungamana na alama za vidole zinatunzwa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kama unamtafuta mtu aliyekamatwa jana usiku, DCI si pa kuanzia. Kama mwajiri anataka kujua iwapo una rekodi, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hawezi kukusaidia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa

Kabla hujatoka nyumbani kumtafuta mtu wako, andika tarehe na saa aliyokamatwa, mahali, na waliomkamata walikuwa nani: wenye sare, wasio na sare, au askari wa kaunti. Ukiweza, andika namba ya gari.

Saa ina uzito kwa sababu Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Zikiisha nje ya saa za kazi za korti, au siku isiyo ya korti, anafikishwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kuonekana mbele ya hakimu Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Aliyekamatwa Jumatatu asubuhi na bado yuko seli Jumatano, hapo kuna swali zito la kuuliza, na saa uliyoiandika ndiyo itakayolibeba swali hilo.

Hatua ya 3: Nenda kituoni uulizie OB

Anza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatwa. Nenda na kitambulisho chako, kalamu na karatasi, na mtu mmoja wa kushuhudia. Umati wa jamaa kumi mlangoni huwafanya askari wajifunge.

Kwenye kaunta, sema kwa utulivu: "Afande, habari za kazi. Namtafuta ndugu yangu, jina lake ni hili, alikamatwa saa fulani mahali fulani. Naomba kujua kama yuko hapa, anashikiliwa kwa kosa gani, na namba yake ya OB." Maswali matatu tu. Usianze kubishana kuhusu hatia yake. Anayekaa kaunta hana uwezo wa kuamua hilo, na huenda hata hakuwepo alipokamatwa.

Namba ya OB ndiyo utakayotembea nayo kila ofisi kuanzia hapo. Kwa kawaida huandikwa kwa mfano OB 41/17/3/2025, yaani maandiko ya 41 ya tarehe 17 Machi 2025. Hesabu huanza upya kila siku, kwa hiyo namba bila tarehe haina maana, na tarehe bila jina la kituo vilevile. Andika zote tatu papo hapo, kisha mwombe afande azithibitishe. Vituo vingine vimeanza kuweka OB kwenye kompyuta badala ya kitabu kile kikubwa, lakini namba inafanya kazi ileile.

Usitarajie kupewa OB uisome. Kwenye ukurasa huohuo kuna taarifa za watu wengine: mama aliyepigwa, mtoto aliyepotea, shahidi anayeogopa. Wanastahili faragha, na mimi nawaunga mkono polisi wanaokataa kugeuza kitabu. Unachodai ni maandiko yanayokuhusu wewe au mtu wako.

Kama ulikwenda kuripoti tukio na unahitaji karatasi ya kupeleka benki, bima au kwa mwajiri, omba abstrakti ya polisi. Ni bure. Dhamana ya polisi nayo ni bure. Ukiambiwa uweke pesa taslimu kama dhamana, dai risiti rasmi kabla hujatoa mkono mfukoni, na uitunze, maana bila hiyo risiti huna njia ya kurudishiwa pesa zako.

Kaunta ikikukatalia, usipaze sauti. Omba kumwona OCS. Muulize maswali yaleyale matatu na umwambie saa uliyofika. Mara nyingi jibu hupatikana hapo.

Hatua ya 4: Asipopatikana

Hili ndilo eneo linaloumiza. Wapelelezi wa DCI mara nyingi humpeleka mshukiwa kwenye seli za kituo kilicho mbali na alipokamatwa, hasa kama kesi inashughulikiwa na makao makuu yao ya Kiambu Road. Kwa hiyo "hayupo hapa" linaweza kuwa jibu la kweli. Uliza mara moja: "Je, kuna maafisa wa kituo kingine walioripoti hapa kwamba wamemkamata mtu?" Zunguka vituo vya jirani, na kila kituo andika jina la kituo, saa, na aliyekujibu. Mtu mwingine wa familia aulize hospitalini wakati huohuo, msisubiriane.

Kama waliomkamata ni askari wa kaunti jijini Nairobi, ulizia City Court, korti ya jiji, kwa kuwa makosa ya sheria ndogo za jiji hupelekwa huko.

Saa 24 zikipita na kila kituo kinamkana, mtafute wakili siku hiyohiyo aombe amri ya habeas corpus Mahakama Kuu, ili polisi waagizwe kumleta mtu huyo mbele ya jaji. Kifungu cha 25 cha Katiba kimeiweka haki hiyo miongoni mwa zile zisizoweza kuwekewa mipaka. Pigia pia IPOA, mamlaka ya kuangalia utendakazi wa polisi, kwa 1559; simu hiyo hailipiwi. Ile orodha yako ya vituo na saa ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Hatua ya 5: Fuata kortini

Korti hufuatana na eneo la kituo. Aliyeshikiliwa Kilimani, tazamia Kibera; wa Buruburu, Makadara. Fika asubuhi mapema. Orodha za kesi za siku hubandikwa ukutani na huwekwa pia mtandaoni na Kenya Law, shirika linalochapisha sheria na hukumu za Kenya, lakini mashtaka mapya huletwa asubuhi hiyohiyo na mara nyingi hayamo kwenye orodha iliyochapishwa jana yake. Usikate tamaa kwa kukosa jina ukutani. Nenda masjala, uliza ni korti gani inapokea mashtaka mapya leo, kisha ukae humo usikilize majina yakiitwa.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosa. Polisi wakitaka kuendelea kumshikilia mtu kabla ya kumshtaki, hufungua faili ya maombi, ile makarani wanayoiita "misc". Faili hiyo ina namba yake, tofauti na ya kesi ya jinai itakayofunguliwa baadaye. Karani akikwambia hakuna kesi ya jina hilo, mwombe aangalie misc. Andika majina kwa tahajia zote unazozijua, na kwa mpangilio tofauti, kwa sababu jina la kituoni huenda liliandikwa kwa kusikia tu.

Ukipata namba ya kesi, kwa mfano MCCR/E210/2025, iandike nzima. Herufi E huonyesha kesi iliyosajiliwa kielektroniki. Mshtakiwa au wakili wake anaweza kuomba nakala ya hati ya mashtaka na ya mwenendo wa kesi masjala. Mtu akikosa dhamana hupelekwa rumande. Nairobi, wanaume wengi hupelekwa gereza la Industrial Area na wanawake la Lang'ata.

Kutafuta jina kwenye tovuti ya Kenya Law kunafaa kwa hukumu, hasa za Mahakama Kuu kwenda juu. Kesi nyingi za mahakimu hazimo. Ukikosa jina, hujathibitisha kwamba mtu ni msafi, na ukilipata, soma hadi mwisho: baadhi ya waliotajwa humo waliachiliwa. Kukamatwa si kupatikana na hatia.

Hatua ya 6: Rekodi yako mwenyewe

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua huduma za DCI, uombe cheti cha tabia njema. Ada yake imekuwa shilingi 1,050. Chapisha fomu C24 pande zote mbili za karatasi moja, uende na kitambulisho kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI. Mwajiri au mwenye nyumba anayetaka kukuchunguza anapaswa kukuomba wewe ulete cheti hiki, wala si kumtuma rafiki yake polisi akuchimbue.

Hatua ya 7: Ukinyimwa, andika

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kwa taasisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulazimika kueleza sababu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Mistari michache inatosha:

"Kwa OCS, Kituo cha Polisi cha ___. Mimi ni ___, kitambulisho namba ___. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya maandiko ya OB namba ___ ya tarehe ___, yanayonihusu. Anwani na simu yangu ni ___."

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Kwa kawaida wana siku 21 za kujibu. Lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, sheria inawapa saa 48 tu, kwa hiyo kama mtu wako yuko seli, andika hivyo kwenye sentensi ya kwanza. Taarifa zinazoweza kuvuruga uchunguzi au kufichua siri za mtu mwingine zinaweza kuzuiwa kisheria, lakini lazima uelezwe sababu. Usiporidhika, au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Ambatisha ile nakala yenye muhuri.