Kabla hujakata rufaa: ombi lako la ruzuku limekataliwa

Barua ya kunyimwa ruzuku ya serikali kwa biashara ndogo inauma, na wengi hukaa siku hiyo hiyo kuandika jinsi biashara inavyoyumba. Naomba usubiri kidogo. Anayesikiliza rufaa kuhusu vigezo vya ruzuku anatazama jambo moja: je, sharti lililotajwa kwenye barua ulilitimiza?

Anza na tarehe. Muda wa rufaa huweza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa au tangu ulipokufikia, na siku chache za tofauti zinaweza kukukosesha haki ya kusikilizwa. Tunza barua pepe au bahasha yenyewe. Kama barua inasema tu "hukukidhi vigezo", omba kwa maandishi utajiwe kifungu cha mwongozo wa ruzuku kilichotumika, na wakati ukingoja jibu, hesabu siku zako kama kawaida.

Kisha soma kwa makini mwongozo unavyofafanua "biashara ndogo". Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hujihesabu peke yao bila kuwahesabu wanahisa. Kwa mfano, chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, biashara ndogo ina wafanyakazi chini ya 50, na mauzo ya mwaka au mizania (jumla ya mali zake) isiyozidi euro milioni 10. Lakini kampuni nyingine ikiwa na asilimia 25 ya hisa zako au zaidi, kwa kawaida sehemu ya wafanyakazi na mauzo yake huongezwa kwenye hesabu yako. Ikiwa na hisa za kukutawala, huongezwa yote. Karakana ya watu 12 inaweza kuonekana kampuni kubwa, na pengine kwa makosa: mwanahisa huyo huenda aliuza hisa zamani na usajili haujarekebishwa. Hilo linathibitishika kwa hati.

Hati zenyewe zionyeshe hali ilivyokuwa siku ulipoomba. Leseni uliyohuisha baada ya kukataliwa mara nyingi haitakusaidia. Linganisha pia jina la biashara kwenye usajili, kodi na benki. Herufi moja iliyokosewa yatosha kuleta shaka.

Ukigundua kosa ni lako kweli, kwa maoni yangu ni afadhali kungoja dirisha lijalo la maombi. Uliza pia kama fedha za awamu hii bado zipo, na kama ni lazima kwanza kupitia mapitio ya ndani, yaani ofisi iliyokukatalia iutazame upya uamuzi wake. Ukiwasilisha, dai stakabadhi yenye tarehe.