Kabla ya kurudi kwenye pikipiki ukiwa na mvi

Wengi wetu wa rika la kustaafu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tulijifunzia pikipiki za kazi: za kilimo, za chanjo, za misheni. Baadaye likaja gari, wakaja watoto, pikipiki ikauzwa. Sasa karo zimekwisha na hamu imerudi, na kila anayeniuliza namwambia kwa moyo mweupe: rudi. Kutoka alfajiri kuelekea Koboko, umande ungali majanini na injini inaunguruma chini yako, ni raha ambayo gari haliwezi kukupa. Ila jiandae. Kusawazisha pikipiki hutasahau, lakini macho, shingo na wepesi wa mkono vimepungua kimyakimya miaka yote uliyokaa nyuma ya usukani.

Kwa hiyo pita hospitali kabla ya kupita gereji. Mtoto wa jicho akianza hutawanya mwanga. Mchana unasoma vibao vizuri tu, lakini jioni taa za lori zikikujia usoni unapotea kwa muda mrefu kuliko zamani. Mwambie daktari wazi kwamba unataka kuendesha pikipiki, ili akuangalie kwa jicho hilo. Mtajie dawa zote unazomeza: za presha huweza kuleta kizunguzungu, na baadhi ya zile za mafua na mzio husinzisha. Mwenye kisukari apimwe nyayo pia. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, na mguu wenye ganzi haukuambii umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Ukirudi nyumbani keti kwenye benchi, vaa kofia ngumu, ugeuze shingo mpaka uone kilicho nyuma ya bega. Ikikataa, inyooshe kila siku kwa wiki kadhaa kwanza. Vioo pekee havionyeshi bodaboda iliyokupita pembeni.

Pikipiki yenyewe iwe nyepesi. Lile dude la zaidi ya kilo 200 linapendeza kwenye picha, lakini likikulalia kwenye mteremko wa murram, yaani barabara ya udongo na changarawe, huna wa kukusaidia kuliinua. Ya cc 100 hadi 150 inatosha kabisa kwa barabara zetu, vipuri vyake viko hadi kwenye senta ndogo, na kila fundi anaijua. Ukiikalia, nyayo zote mbili zifike chini. Uliza pia gia zake, kwa sababu nyingine hukanyagwa zote mbele, nyingine ya kwanza huwa chini na zilizobaki juu, na mguu uliozoea mtindo mmoja utakosea wakati unapoharakisha kukwepa kitu.

Kisha inama usome ubavu wa tairi. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna namba nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linaweza kuwa na meno yote na bado mpira wake ukawa umekauka, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa. Kama pikipiki ililala uani muda mrefu, mwaga petroli iliyomo, fundi aoshe kabureta, na mafuta ya breki yabadilishwe maana hunyonya unyevu.

Sasa nenda uwanja wa mpira asubuhi na mapema, ufanye mazoezi bila haya. Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko pengine popote. Zunguka polepole kwa umbo la nane, kulia na kushoto, ukicheza na klachi, macho yakitazama unakokwenda. Halafu jifunze upya kusimama. Wengi wetu tulizoea kukanyaga ya nyuma tu, ilhali ukifunga breki uzito hukimbilia mbele na gurudumu la mbele ndilo linalokusimamisha. Breki ya mbele ifinye kwa kuongeza taratibu. Ukiinyaka kwa ghafla juu ya changarawe itakutupa. Na kumbuka hesabu hii: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, umbali wa kufunga breki huwa mara nne.

Makaratasi ni mepesi. Angalia kama pamiti yako, yaani leseni ya udereva, ina daraja A, maana ya B ni ya gari, na bima ya mtu wa tatu iwe hai. Kofia sheria inaidai kwako na kwa abiria. Usinunue iliyotumika: povu la ndani likishapondwa mara moja haliokoi tena, na kwa nje huoni chochote.

Safari ya kwanza iwe fupi, ya mchana, bila abiria, hata mjukuu akilia. Barabara ya Vurra hadi Oraba ni nzuri kwa kuanzia, kama kilomita 92 za lami, lakini huku ni mpaka wa Kongo na kule ni wa Sudan Kusini, ambako watu hupita kulia. Karibu na mipaka hiyo tegemea mtu kukujia upande wako. Mvua ikianza ngoja kwanza, kwani matone ya mwanzo huinua mafuta juu ya lami, na murram huwa utelezi mtupu. Kati ya Pakwach na Karuma barabara inapita kandokando ya hifadhi ya Murchison Falls. Ukiona tembo simama mbali, acha injini ikiwaka, na umwache apite hata akichukua nusu saa. Huko panga uwe umevuka kabla ya saa kumi jioni, kwa kuwa kwetu giza likianza kuingia halichelewi. Jina la dawa zako na namba ya simu ya mtu wa nyumbani viandike kwenye karatasi, uiweke mfuko wa kifuani wa jaketi.