Somo: Namna ya kusoma karatasi za kisheria za Andrew Jackson bila kupotoshwa nazo

Kila mara mwanachama anapoweka hapa picha ya karatasi ya mahakama ya Tennessee yenye jina la Andrew Jackson, swali linalofuata huwa ni lile lile: je, Jackson alikuwa anadaiwa fedha hizi zote? Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni heri niliandikie somo, ili kuanzia leo niwaelekeze watu hapa badala ya kurudia maneno yale yale kila wiki.

Kipindi ninachokizungumzia ni kile cha kuanzia mwaka 1788 hadi 1804, kabla Jackson hajawa jenerali wala rais wa saba wa Marekani. Alipata leseni ya uwakili North Carolina mwaka 1787, akafika Nashville Oktoba 1788, akafanya kazi kama wakili wa kujitegemea na mwendesha mashtaka, na hatimaye akawa jaji. Nchi hiyo ilikuwa mpakani mwa makazi ya Wazungu, yenye ardhi nyingi, sarafu chache na madeni yasiyohesabika, na hali hiyo ndiyo iliyozalisha karatasi tunazozisoma.

Hatua ya 1. Anza na chapisho lililohaririwa, si na picha. Karatasi zake za kisheria zilihaririwa na James W. Ely na Theodore Brown, zikachapishwa na University of Tennessee Press mwaka 1987. Picha za barua na nyaraka zake binafsi zipo Library of Congress na zinasomeka kwenye intaneti bila malipo, ilhali kumbukumbu za mahakama zenyewe utazitafuta kupitia Tennessee State Library and Archives, Nashville.

Hatua ya 2. Soma tarehe kabla ya jambo lolote, kwa sababu tarehe ndiyo inayokueleza ni serikali ipi iliyokuwa ikitawala. Nashville ilikuwa sehemu ya North Carolina Jackson alipofika. Mwaka 1790 eneo hilo likawa chini ya serikali ya shirikisho chini ya Gavana William Blount. Tarehe 1 Juni 1796 likawa jimbo la Tennessee. Mahakama zilibadilika pamoja na serikali.

Hatua ya 3. Jiulize Jackson alikuwa nani siku ile karatasi ilipoandikwa. Jina lake likiwa chini ya hati ya madai, kwa kawaida yeye ni wakili wa mdai na deni si lake wala si la kulipwa yeye. Likiwa kwenye shitaka la jinai la Wilaya ya Mero, yaani wilaya ya mahakama iliyokuwamo Nashville, baada ya mwaka 1791, huenda amesimama kama mwendesha mashtaka aliyeteuliwa na Blount. Kati ya mwaka 1798 na 1804 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Sheria na Ekwiti (kanuni za haki zinazotumika pale sheria ya kawaida isipotosha) ya Tennessee kwa mshahara wa dola 600 kwa mwaka, akizunguka Jonesborough, Knoxville na Nashville. Na mara nyingine yeye mwenyewe ndiye mhusika. Hati ya mauzo ya Novemba 1788, ambayo kwayo alimnunua Nancy, mwanamke mtumwa aliyeandikwa kuwa na umri wa miaka kumi na minane au ishirini hivi, haina mteja wala wakili: mnunuzi ni Jackson. Vivyo hivyo katika mashauri yaliyotokana na hati za ahadi ya kulipa za David Allison, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyefilisika, Jackson yumo kama mtu aliyeungua mfukoni. Mtu asiyezitenganisha nafasi hizi atampa wakili dhambi za mteja wake, na kumsamehe mnunuzi dhambi zake mwenyewe.

Hatua ya 4. Usiiamini hati ya madai neno kwa neno. Hapa ndipo wasomaji wengi huanguka, wakiwemo waliosomea historia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wakili wa wakati ule hakusimulia kilichotokea. Alichagua fomu ya shauri inayokubalika katika sheria ya Uingereza, kisha akayaingiza majina ya watu wake ndani ya maneno yaliyokuwa tayari yameandikwa karne kadhaa kabla. Katika shauri la shambulio utasoma kwamba mdaiwa alimvamia mdai "kwa nguvu na silaha", pengine panga, fimbo na visu vikatajwa mmoja baada ya mwingine, hata kama watu wale walisukumana tu mlangoni mwa kilabu cha pombe. Katika shauri la kudai mali iliyozuiliwa utasoma kwamba mdai aliipoteza mali yake kwa bahati mbaya na mdaiwa akaiokota. Mali hiyo yaweza kuwa farasi, yaweza kuwa binadamu aliyekuwa mtumwa, na wala hakuna aliyepoteza wala aliyeokota. Maneno hayo yalikuwa mlango wa kuingilia mahakamani tu, na mdaiwa hakuruhusiwa kuyabishia. Katika mashauri ya ardhi mambo yanazidi: utamkuta John Doe, mpangaji, akilalamika kwamba Richard Roe amemfukuza shambani. Watu hao hawakuwahi kuzaliwa. Mgogoro wa kweli ni kati ya mtu aliyetajwa kuwa amempangisha Doe na mtu anayeikalia ardhi, na majina yao hujitokeza mistari kadhaa baadaye, wakati msomaji mwenye haraka amekwisha kufunga ukurasa. Nimewahi kuona jedwali la "wakazi wa Nashville" ambamo John Doe alihesabiwa kuwa mmiliki wa mashamba.

Onyo la pili linahusu kiasi cha deni, na ndilo jibu la lile swali la kila wiki. Mkopaji alikuwa akitia saini hati inayosema kwamba anadaiwa, tuseme, pauni 200, na chini yake likaandikwa sharti kwamba akilipa pauni 100 kufikia siku fulani, hati yote itakuwa batili. Asipolipa, shauri hufunguliwa kwa zile 200, na hukumu yaweza kutolewa kwa 200, lakini ikiwa na kifungu kwamba itatoshelezwa kwa kulipwa zile 100 pamoja na riba na gharama. Ukiona kiasi ambacho ni mara mbili kamili ya kingine ndani ya jalada moja, umekutana na adhabu ya kutolipa (kile kikubwa) na deni lenyewe (kile kidogo), usivijumlishe.

Onyo la tatu: usiichukue hati ya madai ukaiacha hati ya utetezi. Mara nyingi kisa chenyewe kinapatikana kwenye viapo vya mashahidi, ambavyo vimeandikwa kwa lugha ya watu na wala si ya fomu.

Hatua ya 5. Pauni na shilingi zilizomo humo si za Uingereza, na wala si lazima zilingane kati ya jimbo na jimbo. Dola moja ya fedha ya Hispania ilihesabiwa kuwa shilingi 6 za Virginia lakini shilingi 8 za New York, ilhali kwa sarafu ya Uingereza ilikuwa shilingi 4 na peni 6. Andika kiasi kama kilivyo pamoja na jina la sarafu, na usikigeuze mpaka uwe umepata kiwango ndani ya jalada lenyewe.

Hatua ya 6. Lifuate shauri mpaka mwisho wake. Hakuna mfano bora kuliko shauri lililomgusa Jackson mwenyewe. Desemba 1790 Bunge la Virginia lilipitisha sheria iliyomruhusu Lewis Robards kumshtaki mkewe Rachel mbele ya juri ili apate talaka. Kwa mujibu wa maelezo ambayo marafiki wa Jackson waliyatoa baadaye, habari zilifika Nashville kana kwamba talaka yenyewe imekwisha kutolewa, na Jackson na Rachel wakaishi kama mume na mke kuanzia mwaka 1791. Hukumu ya talaka ilitolewa Harrodsburg, Kentucky, Septemba 1793, nao wakafunga ndoa upya Januari 1794. Wapinzani wake walilifufua jambo hilo katika kampeni ya urais ya mwaka 1828. Ruhusa ya kufungua shauri ni karatasi moja, hukumu ni karatasi nyingine, na mwanasheria kama Jackson alipaswa kuijua tofauti hiyo kuliko jirani zake. Hayo ni maoni yangu na siyaondoi.

Hatua ya 7. Nakili tahajia kama ilivyo. Hata jina la Wilaya ya Mero lilitokana na Esteban Miró, gavana wa Kihispania wa Louisiana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili: Naomba mwenye hukumu zote za Jackson azitume hapa kwa pamoja, nina kazi ya kuwasilisha kesho.

Jibu: Hatua ya 1.

Mpita Njia: Kwa hiyo Jackson alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani?

Jibu: Hapana. Alikuwa jaji wa jimbo la Tennessee, na hilo limeandikwa katika hatua ya 3. Uhusiano wake na Mahakama ya Juu ulikuja akiwa rais, alipomteua Roger Taney kuwa Jaji Mkuu.

Karani Mstaafu: Mwalimu, shikamoo. Nimetumikia masjala ya mahakama kwa muda mrefu na linanishangaza jambo moja. Jaji amekaa kazini karibu miaka sita, mbona hukumu zake zilizoandikwa kwa sababu kamili ni chache sana?

Jibu: Marahaba, na nashukuru kwa swali la mtu aliyeyashika majalada. Majaji wale walitamka uamuzi wao mahakamani, na karani akaandika matokeo tu: nani ameshinda, kiasi gani, gharama zilipwe na nani. Hapakuwa na mtu aliyelipwa kuandika sababu. Rafiki yake Jackson, John Overton, aliyemrithi kitini mwaka 1804, ndiye aliyekusanya maamuzi na kuyatoa kama ripoti, na juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1813. Kwa hiyo ili kumjua Jackson kama jaji unalazimika kusoma maingizo mafupi ya daftari mengi kwa pamoja, na kwa uzoefu wako wa masjala nadhani utayaona mambo ambayo sisi wengine tunayapita.

Mkosoaji: Inajulikana kwamba Jackson hakuwa msomi wa sheria. Mtu huyu ndiye aliyetia saini sheria ya kuwahamisha Wenyeji wa Marekani mwaka 1830. Sioni kwa nini tumpambe.

Jibu: Sijampamba, na ningependa unionyeshe sentensi iliyompamba. Kuhusu usomi, James Parton, aliyeandika wasifu wake mwaka 1860, aliyahesabu madaftari ya Kaunti ya Davidson, ndiyo kaunti ya Nashville, akakuta kwamba katika kikao cha Aprili 1790 Jackson alikuwa wakili katika mashauri 42 kati ya 192, na kwa mwaka mzima wa 1794 katika mashauri 228 kati ya 397. Wateja hawakumtafuta kwa ajili ya Kilatini chake. Walitaka madeni yao yakusanywe. Ama sheria ya mwaka 1830, ndiyo sababu mojawapo ya kuzisoma karatasi hizi: humo unaona jinsi hati, vipimo na hukumu za madeni zilivyoigeuza ardhi ya watu wengine kuwa bidhaa.

Msomaji wa Kisumu: Mimi si mwanasheria. Kwa nini mahakama ya Tennessee itumie fomu za Kiingereza ilhali Wamarekani walikuwa wamekwisha kupigana na Uingereza na kujitenga?

Jibu: Swali zuri. Walimkataa mfalme, hawakuikataa sheria yake. North Carolina ilitunga sheria mwaka 1778 ya kuendeleza sheria ya Kiingereza pale ambapo haikupingana na uhuru mpya, na Tennessee ikairithi kutoka huko. Wewe mwenyewe unaishi ndani ya utaratibu unaofanana na huo: Kenya ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tofauti ni kwamba sisi tuliletewa baada ya Uingereza kuzifuta fomu za zamani katika karne ya 19, ndiyo maana John Doe wa kesi za ardhi hakuwahi kuvuka bahari kuja kwetu.

Mpenda Visa: Ile habari ya Russell Bean, kwamba sherifu alishindwa kumkamata na Jaji Jackson akatoka mahakamani na bastola akamkamata mwenyewe, iko kwenye jalada gani?

Jibu: Hicho ni kisa cha waandishi wa wasifu, na wanakisimulia kwa namna zinazotofautiana. Anza na daftari la Jonesborough, tafuta jina la Bean, kisha utuambie karani aliandika nini.

Msomaji wa Kisumu: Nimeanza kusoma picha moja lakini wino umefifia, na kuna herufi inayoonekana kama f kila mahali.

Jibu: Hiyo ni s ndefu ya zamani, mara nyingi utaikuta kama ya kwanza panapokuwa na s mbili. Kuhusu wino, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, ongeza tofauti ya mwanga na giza, kisha jaribu kuibadili iwe kinyume, maandishi meupe juu ya giza.

Karani Mstaafu: Niongeze: tazameni mgongo wa karatasi. Jalada lilikunjwa, na karani aliandika upande wa nje majina ya pande mbili, kikao, na taarifa ya sherifu.

Jibu: Ahsante sana. Na mkikuta hapo nje ufupisho fi. fa., ni amri ya kukamata mali ya mdaiwa, ca. sa. ni amri ya kumkamata mdaiwa mwenyewe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili: Nimefungua hatua ya 1. Ni kurasa nyingi.

Jibu: Ndiyo.